Vijiko Viwili vya Damu

Ndugu msomaji, chukua kijiko kikubwa cha mezani, ukijaze maji, uyamimine katika kikombe. Rudia mara ya pili. Sasa unayo maji ya kiasi cha mililita 30 hivi, ambayo hayatoshi hata kuosha kikombe hicho. Lakini damu ya kiasi hicho hicho, ikivuja na kujikusanya kati ya fuvu na ubongo wa mwanadamu, huweza kuwa ndiyo tofauti baina ya mgonjwa wa kulazwa na kuangaliwa, na mgonjwa ambaye hana budi kupasuliwa bila kuchelewa.

Juma hili safu yetu inauliza swali ambalo watu wengi hawajapata kujiuliza: je, daktari hujuaje kuwa damu hiyo ni vijiko viwili na wala si kimoja au vitatu, hali imejificha ndani ya mfupa na hakuna awezaye kuimimina katika kikombe? Jibu lake ni hesabu ambayo mtoto wa darasa la saba anaweza kuifuata. Lakini ni hesabu inayotegemea mkono na jicho la mtu, na kwa sababu hiyo yatupasa sisi jamaa wa wagonjwa tuifahamu.

Mwananchi wa Mpanda anayo sababu yake ya pekee ya kuifahamu. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Rukwa, na Mpanda, mji uliokua kwa ajili ya madini ya risasi na reli ya kutoka Kaliua, ukawa makao makuu yake. Katika mji huo, kama ilivyo katika miji yetu mingi, mfanyakazi huenda kazini kwa bodaboda, mama huenda sokoni kwa bodaboda, na mgonjwa hufikishwa zahanati kwa bodaboda. Anayeanguka kutoka katika pikipiki bila kofia ngumu hupokea pigo kwa kichwa. Waganga wa upasuaji wa ubongo nao ni wachache nchini, nao hupatikana katika hospitali chache kubwa kama Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, iliyo Dar es Salaam. Hata barabara ya lami ya Tabora hadi Mpanda kupitia Koga, iliyozinduliwa mwaka 2022, ni safari ya zaidi ya kilomita 340. Kwa hiyo uamuzi wa kumsafirisha majeruhi, na wa kumsafirisha kwa haraka kiasi gani, si uamuzi mdogo.

SANDUKU LISILOTANUKA

Fuvu la mtu mzima ni sanduku la mfupa. Ndani yake mna vitu vitatu: ubongo wenyewe, damu inayopita katika mishipa, na maji maangavu yanayouzunguka ubongo. Jumla ya vitu hivyo ni karibu lita moja na nusu, na sehemu iliyo kubwa ni ubongo.

Tumbo likijaa hutanuka, na mguu ukiumia huvimba. Fuvu halifanyi hivyo. Kitu cha nne kikiingia humo, hapana budi kingine kipishe. Mwanzoni yale maji maangavu husogea kuelekea uti wa mgongo, na damu ya mishipa hupungua kidogo. Hapo majeruhi huonekana hana neno: huzungumza na nduguze, huomba uji, hata husema anataka kurudi nyumbani. Lakini nafasi ya kupisha ikiisha, mgandamizo hupanda kwa ghafla na ubongo husukumwa kuelekea tundu lililo chini ya fuvu, mahali zilipo sehemu zinazoongoza pumzi. Ndiyo maana mtu aliyezungumza vizuri jioni huweza kulala asiamke asubuhi.

Mwongozo wa upasuaji uliotolewa Marekani mwaka 2006, ambao madaktari wa nchi nyingi huurejea, uliweka mpaka kwa damu iliyovilia kati ya fuvu na utando mgumu unaofunika ubongo. Ikizidi sentimita za ujazo 30, itolewe kwa upasuaji, hata ikiwa mgonjwa angali na fahamu zake. Ikiwa chini ya 30, unene wake haufiki milimita 15, ubongo haujasogezwa milimita 5 kutoka katikati, na mgonjwa anazo fahamu za kutosha bila udhaifu wa viungo, basi aweza kuangaliwa pasipo kupasuliwa. Hata hivyo aangaliwe mahali penye mganga wa upasuaji wa ubongo, na picha zirudiwe. Sentimita moja ya ujazo ndiyo mililita moja, na hapo ndipo vijiko vyetu viwili vinapotoka.

PICHA YA VIPANDE

Eksirei ya kawaida, ambayo Wilhelm Röntgen aliigundua mwaka 1895, huonyesha mifupa iliyovunjika, lakini huvilaza vitu vyote kimoja juu ya kingine. Ni kama kivuli ukutani: mtu akisimama ameielekea taa, kivuli chake hakikwambii kama ana kitambi au hana.

Mashine ya CT-Scan huondoa kasoro hiyo. Mionzi humpiga mgonjwa kutoka pande zote kwa kumzunguka, kisha kompyuta hukokotoa jinsi kila sehemu ya ndani ilivyo, na kutoa picha za kipande kimoja kimoja, kana kwamba kichwa kimekatwa kama mkate wa slesi bila kisu kukigusa. Sehemu ya hesabu ya jambo hilo ilifanyiwa kazi katika bara letu. Mwaka 1956 Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa akisaidia katika shughuli za mionzi kwenye hospitali ya Groote Schuur huko Cape Town. Hapo ndipo alipoanza kutafakari jinsi ya kujua kilichomo ndani ya mwili kwa mionzi iliyopitishwa toka pande nyingi. Mhandisi wa Uingereza, Godfrey Hounsfield, bila kuifahamu kazi hiyo, aliunda mashine yenyewe, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine hiyo jijini London tarehe 1 Oktoba 1971. Mwaka 1979 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Kwa miaka mingi mashine hizo zilikuwa za hospitali chache tu kubwa nchini mwetu. Baada ya serikali kupata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021, sehemu ya fedha hizo ilitumika kununulia mashine za CT-Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini mashine hutoa picha tu. Kiasi cha damu hupatikana baada ya mtu kuketi na kupima.

KIAZI NA DAFTARI

Ili kuelewa kipimo hicho, wazazi wanaweza kufanya jaribio dogo jikoni na watoto wao leo hii Jumapili. Chukua kiazi kitamu. Kitumbukize katika jagi lenye alama za mililita, uandike maji yamepanda kwa kiasi gani. Huo ndio ujazo wa kweli wa kiazi.

Sasa kikaushe, ukikate vipande vyenye unene wa sentimita 1 kila kimoja. Laza kila kipande juu ya daftari la hesabu lenye vimraba, uso wa upande ule ule kila mara, uuzungushie kalamu. Hesabu vimraba vilivyomo ndani ya mstari. Vile vilivyokatwa na mstari, hesabu kila viwili kuwa kimoja. Ikiwa upande wa kimraba ni nusu sentimita, basi vimraba vinne ni sentimita moja ya mraba. Jumlisha maeneo ya vipande vyote, kisha zidisha kwa unene wa kipande. Jibu litakuwa karibu sana na lile la jagi, na ukikata vipande vyembamba zaidi litazidi kukaribia.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na hakuna mahali ambapo methali hiyo ni ya kweli kama hapa. Mwaka 1635 Bonaventura Cavalieri, padre na mwanahisabati wa Italia, alichapisha kitabu kilichoweka msingi wa hesabu hii. Alionyesha kuwa umbo likigawanywa katika tabaka nyembamba, ujazo wake hutegemea ukubwa wa tabaka hizo na kimo chake, si jinsi lilivyopinda. Panga sarafu kumi wima, kisha usukume rundo lile liinamie upande mmoja. Sura imebadilika, lakini fedha ni zile zile na ujazo ni ule ule. Kwa hiyo damu iliyovilia, hata iwe na umbo la kombo namna gani, hupimika.

Daktari hufanya kama mtoto wa kiazi, ila kalamu yake ni kipanya cha kompyuta. Hufungua kipande cha kwanza kinachoonyesha damu, akazungusha mstari pembezoni mwake, na kompyuta ikahesabu vidoa vidogo vya picha, viitwavyo pikseli, vilivyomo ndani ya mstari. Kisha huenda kipande cha pili, na cha tatu, hadi damu isionekane tena.

Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Vipande vimepangwa kwa nafasi ya milimita 5, yaani nusu sentimita. Damu imeonekana katika vipande 8, na maeneo yaliyozungushiwa mstari ni sentimita za mraba 2, 6, 10, 12, 11, 8, 5 na 2. Jumla ni 56. Zidisha kwa nusu sentimita, unapata mililita 28. Mgonjwa huyo yuko chini ya mpaka, lakini kwa kiasi kisichojaza hata kijiko cha chai.

MAHALI KIPIMO KINAPOPOTEA

Sasa tazama jinsi jibu hilo linavyoweza kugeuka. Tuseme aliyezungusha mstari ameupeleka nje kwa milimita 1 tu katika kila kipande. Milimita 1 ni unene wa ncha ya kalamu butu. Hata tukichukulia kuwa kila eneo ni la mviringo, ujazo utapanda kutoka mililita 28 hadi karibu 32. Mgonjwa ni yule yule na damu ni ile ile, lakini karatasi sasa inasema amevuka mpaka.

Kosa hilo ni rahisi kutendeka. Katika picha za CT-Scan damu mbichi iliyovilia huonekana nyeupe, na mfupa nao ni mweupe, na damu tunayoizungumzia imelala ikiegemea mfupa. Weupe huo pia hubadilika kwa jinsi mpimaji alivyorekebisha mwanga wa kioo: rekebisho moja hunenepesha mfupa hadi ukaifunika damu, jingine hutenganisha viwili hivyo waziwazi. Kwa sababu hiyo mpimaji mwangalifu hurekebisha kwanza mwanga kwa namna ile ile kila mara, ndipo akachora.

Kosa la pili ni la nafasi baina ya vipande. Fundi anayeezeka nyumba hulaza ukingo wa bati juu ya ukingo wa jingine. Ukitaka kujua paa limefunika kiasi gani, huwezi kuzidisha idadi ya mabati kwa upana mzima wa bati, maana sehemu zilizolaliana utazihesabu mara mbili. Mashine za siku hizi huweza kutoa vipande vyenye unene wa milimita 5 lakini vilivyopishana kwa milimita 3 tu. Anayezidisha kwa 5 badala ya 3 atakuwa ameongeza damu ambayo haimo. Na kama vipande vimeachana, mambo hugeuka: damu iliyo katika pengo itasahauliwa. Kinachozidishwa ni umbali wa kutoka kipande hadi kipande, sio unene ulioandikwa pembeni.

Kosa la tatu ni la ncha mbili. Kipande cha kwanza na cha mwisho hubeba damu nusu na ubongo nusu, na rangi yake huwa ya kijivu isiyo dhahiri. Mmoja atakihesabu, mwingine atakiacha. Kila mmoja anaweza kuwa na hoja, ila ubaya huja pale mpimaji wa asubuhi anapokihesabu na wa jioni anapokiacha, kisha watu wakasema damu imepungua.

Kosa la nne limekuja na simu za mkononi. Muuguzi au ndugu hupiga picha kioo cha kompyuta kwa simu, akaituma kwa mtaalamu aliye mbali. Picha hiyo husaidia kuonyesha kuwa damu ipo na iko upande gani. Lakini imepoteza kipimo chake: haisemi tena kidoa kimoja ni sehemu gani ya milimita, na mara nyingi imepigwa kwa pembeni. Tena hutumwa vipande viwili au vitatu vilivyo wazi zaidi, hali ujazo unataka vyote. Kupima kwa picha ya namna hiyo ni sawa na kupima kiwanja kwa kamba ambayo hakuna ajuaye urefu wake. Kinachofaa kutumwa ni picha zenyewe kama zilivyotoka katika mashine, kwa mtandao wa hospitali au kwa sahani ya CD.

Kuna pia njia ya mkato ambayo madaktari huitumia majeruhi anapokuwa kitandani na muda hautoshi kuchora kila kipande. Huchagua kipande chenye damu nyingi kuliko vyote, wakapima urefu wake na upana wake, wakazidisha kwa kimo kinachopatikana kwa kuhesabu vipande, kisha wakagawanya kwa mbili. Katika mfano wetu, urefu ukiwa sentimita 5, upana 3 na kimo 4, jibu ni 60 gawanya kwa 2, yaani mililita 30, wakati kuchora kulitupatia 28. Njia hiyo huchukulia kuwa damu ina umbo la yai. Ikiwa ina umbo la yai, husema karibu na kweli. Ikiwa imetawanyika au ina mapembe, husema uongo. Ni njia njema ya kuanzia, mradi kila mtu ajue kuwa ndiyo iliyotumika.

JICHO HUDANGANYA

Huenda msomaji akauliza: kwa nini daktari mzoefu asitazame tu picha akasema damu ni nyingi au ni kidogo? Sababu ni kwamba jicho huona upana, nalo halioni ujazo. Donge la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 3 lina ujazo wa mililita 14 hivi. Likipanuka hadi sentimita 3.8, jicho litasema limeongezeka kidogo, lakini ujazo wake sasa ni karibu mililita 29. Limekuwa mara mbili.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Mara nyingi lenye maana kubwa kuliko yote si kipimo kimoja bali ni viwili vilivyolinganishwa: cha kwanza alipofika mgonjwa, na cha pili baada ya saa kadhaa. Je, damu inaongezeka au imesimama? Swali hilo halijibiki ikiwa picha za kwanza zimebaki Mpanda na mgonjwa amekwenda Mbeya, au ikiwa mpimaji wa pili hajui wa kwanza alitumia njia gani. Ikiwezekana, mtu yule yule apime picha zote mbili kwa njia ile ile. Isipowezekana, watu wawili wapime kila mmoja peke yake, kisha walinganishe.

Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazochora mstari zenyewe. Hizo nazo hukosea pale pale binadamu anapokosea, kwenye ukingo wa mfupa, na hapana budi mtaalamu apitie kila kipande. Tena kompyuta hupenda kuandika 28.37, kana kwamba inajua hadi tone la mwisho. Tumeona kuwa milimita 1 ya mkono huleta tofauti ya karibu mililita 4. Anayeandika "karibu 28" ni mkweli zaidi.

Hesabu hii hii haikomei kichwani. Ndiyo hutumika kupima ini, wengu au figo zilizovimba, na kujua kama uvimbe umepungua kwa dawa: uvimbe wa mviringo ambao kipenyo chake kimeshuka kutoka sentimita 4 hadi 3.2 umepoteza karibu nusu ya ujazo wake, ingawa mgonjwa na jamaa zake huenda wakakata tamaa wakidhani tiba haikufaa kitu. Katika tiba ya mionzi ya saratani, kama ile itolewayo katika Taasisi ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, mstari unaochorwa juu ya vipande ni mzito zaidi, kwa kuwa ndio unaoiongoza mionzi ipige wapi na iepuke wapi.

WAJIBU WETU SISI JAMAA

Ndugu msomaji, hakuna anayekutaka ukae katika kiti cha daktari. Naye daktari haamui kwa namba peke yake: hutazama fahamu za mgonjwa, mboni za macho yake, nguvu za viungo vyake, na kama ubongo umesogea. Lakini yapo mambo yaliyo katika uwezo wa kila familia.

Kwanza, mtu aliyepigwa kichwani asiachwe alale kwa kusema "mwacheni apumzike". Akizidi kuumwa kichwa, akitapika mara kwa mara, akisinzia bila kuamshika vizuri, mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko ya pili, upande mmoja wa mwili ukalegea, au akapata degedege, apelekwe hospitali wakati huo huo, hata kama jioni alikuwa akicheka.

Pili, mgonjwa akipewa rufaa, ombeni kwa adabu picha zake zote pamoja na maandishi ya mtaalamu. Zitunzeni kama mnavyotunza hati ya kiwanja. Hakikisheni zimeandikwa tarehe na saa, kwa maana kipimo cha damu kisicho na saa hakiwezi kulinganishwa na kingine.

Tatu, msione haya kuuliza. "Daktari, damu ni kiasi gani? Imepimwa kwa kuchora au kwa njia ya mkato? Itapimwa tena lini?" Maswali hayo matatu hayamvunjii mtu heshima. Daktari mwema atafurahi kuyajibu, kwa sababu aliyeyauliza ameonyesha kuwa anaelewa uzito wa kazi yake.

Na kwa viongozi wetu: tunaponunua mashine tusisahau watu. Mashine ya mamilioni ya shilingi ikikosa mtaalamu aliyefunzwa kuchora mstari na kuusahihisha, na ikikosa njia ya kupeleka picha kamili kwa mganga aliye mbali, itatoa vipande vingi vizuri ambavyo havina wa kuvijumlisha. Chupa ya maji yenye ujazo unaojulikana, ikipitishwa katika mashine na kupimwa na kila mtumishi wa kitengo, hugharimu karibu na bure, nayo huonyesha papo hapo nani anazidisha na nani anapunguza.

Mwisho, kofia ngumu. Ivae wewe dereva, na abiria wako umpe yake, nawe abiria usiikatae kwa kuogopa kuvuruga nywele. Ni rahisi zaidi kuzuia vijiko viwili vya damu visimwagike kuliko kuvipima.